Nta Chini ya Rangi

Wanaosema mafundi wa mtaani ni wezi waje hapa mtaa wa Chemchem, waingie geti la bati lililo mkabala na mashine ya kukoboa, waniambie mimi usoni. Mimi ndiye Dafrosa, mke wa Xavery fundi. Nauza chai na chapati hapo hapo getini, kwa hiyo hawatapata taabu kunitafuta. Mume wangu akitukanwa huinama akaendelea na kazi yake. Mimi siinami.

Xavery ana miaka hamsini na minne. Ni mrefu, mgongo umepinda kidogo kwa kulala chini ya magari, na maneno yake ni ya kuhesabu. Unaweza kukaa naye tangu uji wa asubuhi mpaka adhuhuri asikwambie kitu zaidi ya "nipe kumi na tatu", yaani spana namba kumi na tatu. Wateja wageni humdhania bubu. Mimi mwenyewe aliponioa nilidhani amenichoka wiki ya kwanza. Sasa ni miaka ishirini na saba, watoto watatu, Eliya wa kwanza ana mke wake, na bado niko hapa. Basi nikajua ndivyo alivyoumbwa.

Baba yake, mzee Marko, alikuwa mrina asali. Nyumba yao ilikuwa nje ya mji, upande wa Kipalapala, lakini mizinga aliitundika mbali msituni, mwendo wa baiskeli wa siku nzima. Kila mzinga aliuchonga alama yake: mistari miwili iliyosimama na mmoja umelala juu yake, kama kigoda. Alama hiyo aliiweka pia kwenye madumu ya asali, hata kwenye mpini wa jembe. Msituni hakuna kufuli wala mlinzi. Alama ndiyo inayosema mwenyewe ni nani, na mtu wa kwetu akiona alama ya mwenzake hagusi. Xavery alikua akimwona baba yake anaziba nyufa za mizinga kwa nta. Alipokwenda kujifunza ufundi kwa jirani aliyekuwa akitengeneza matrekta, nta akaenda nayo.

Ndiyo tabia yake mpaka leo. Akimaliza kufunga kitu chini ya gari, mahali pasipopata moto, huyeyusha nta kwenye kikopo, akaipaka boliti yote ikafunikwa, na kabla haijaganda akaigonga na kichuma alichokichonga mwenyewe kwa tupa, chenye alama ya baba yake. Nta inazuia tope na kutu. Mwaka wa pili boliti inafunguka yenyewe, haitaki nyundo. Na alama inamkumbusha: hapa nilifunga mimi. Mafundi wenzake wanamwita Fundi Nyuki. Hata mimi nimemgombeza miaka mingi. Nta ina bei, nilimwambia, wenzako wanaiuza kwa kilo, wewe unaipaka makalio ya pikapu za watu. Akasema, "Sawa." Akaendelea kupaka.

Gereji yetu imo ndani ya ua wa ghala la zamani la ukoo wa mzee Humaidi. Hao ni wafanyabiashara tangu wazee wao walipokuja na misafara, na ghala lile ndilo lililokuwa likipokea mizigo ya kwenda Ujiji. Kuta zake za udongo ni nene, ndani kuna ubaridi hata mwezi wa kumi. Mzee Humaidi alitupa ua huo kwa neno la mdomo, na kodi yetu hatujaikosa hata mwezi mmoja. Miaka kumi na tisa, Xavery ndani, mimi getini. Hatuna pengine. Gereji si meza ya nyanya, useme leo nitaiweka kona ile. Watu wamezoea geti lile, na wakikuta limefungwa wanapita.

Sasa, mzee Humaidi ana pikapu ya kubebea mchele na mahindi kutoka Ziba. Aliinunua mpya kwenye kampuni ya magari, huko jijini. Jina sitalitaja, wenyewe wanajijua. Muda wa dhamana ulipokwisha, akaanza kumletea Xavery. Nisiwe mwongo, kampuni nazo zina kazi yake. Gari likiwasha taa asiyoielewa, Xavery mwenyewe humwambia mwenye gari, "Hili si langu, lipeleke kwenye kompyuta." Wala haoni haya. Lakini sevisi ya kawaida, oili, breki, shokapu, mtu asafiri siku nzima kwenda kulipia kiyoyozi cha chumba cha kusubiria? Mimi hapo ndipo wananipoteza.

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, Xavery aliibadilishia pikapu ile shokapu mbili za nyuma na bushi za springi, yaani raba zake. Spea alinunua mzee Humaidi mwenyewe, dukani, risiti akaweka mfukoni: laki nne na ushee. Ufundi elfu themanini. Nakumbuka vizuri kwa sababu siku ile aliimaliza nta yote niliyoificha kabatini, na tulinuniana mpaka jioni.

Mwezi wa pili gari likaanza kugonga kwa nyuma kwenye barabara ya Ziba. Mzee alitaka kulileta kwetu. Binti yake Jihan, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kusomea biashara na sasa anashika duka, akamwambia hapana, gari la biashara lipelekwe kampuni, kule kuna vipimo na kumbukumbu. Sikumchukia kwa hilo. Mtu akisoma lazima ajaribu alichosoma. Gari likaenda, likarudi siku ya nne linang'aa, chini limepuliziwa rangi nyeusi tii, na karatasi tatu juu ya kiti.

Karatasi hizo nazijua kwa sababu mzee Humaidi alikuja nazo getini, asubuhi, wateja wangu wamekaa na vikombe mkononi. Hakunisalimia. Aliuliza tu, "Mumeo yuko wapi?" Xavery akatoka akijifuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Ninyi mnajua maana yake. Mtu mzima kuiacha shikamoo ya mwenzake inaning'inia mbele za watu, amekwisha kukuhukumu, hana haja ya kukusikiliza. Nilihisi kama nimepigwa kofi mimi.

Akaisoma karatasi kwa sauti. Shokapu za nyuma na bushi zimekutwa ni mbovu, zimefungwa vibaya na fundi asiye na sifa. Zimetolewa, zimefungwa mpya. Jumla milioni mbili na laki tatu. Mwisho kulikuwa na mstari mmoja kwamba kazi ya fundi huyo ingeweza kuua watu.

"Jihan hupanda gari hili kila wiki," mzee akasema. "Sina mtoto mwingine. Na wewe unajua sina."

"Sikufunga vibaya, mzee," Xavery akasema.

"Karatasi inasema umefunga vibaya. Mwisho wa mwezi ua wangu nautaka mtupu."

Akamsukumia Xavery zile karatasi. Xavery alimrudishia kwa mikono miwili, kama anavyompa mtu yeyote anayemzidi umri. Kisha akarudi chini ya gari alilokuwa akilitengeneza. Nilitamani kuwapiga mwiko wote wawili.

Siku tatu alikaa kimya. Najua, mtasema si ndivyo alivyo siku zote? Hapana. Hiki kilikuwa kimya kingine, ugali anaumega anauacha. Siku ya tatu nikamwambia aende dukani kwa mzee, amwombe alitazame gari.

"Siendi kumwomba mtu aniamini," akasema. "Ananijua miaka kumi na tisa."

"Na akitutoa tutakwenda wapi?"

"Sijui."

"Basi wewe kaa hapa na heshima yako. Mimi ya kwangu naenda kuitumia."

Nikafunga meza yangu mapema, nikajitanda khanga mpya, nikaenda. Njiani nilikuwa naogopa, siwafichi. Miaka kumi na tisa ya chapati, ada za watoto watatu zilitoka kwenye geti lile, na sasa karatasi ya watu wasiotujua inataka kulifunga. Kadiri nilivyotembea ndivyo hasira ilivyoila hofu, na nilipofika mlangoni kwa mzee ilikuwa imebaki hasira peke yake.

Mzee alikuwa nyuma ya kaunta, Jihan kwenye mashine ya risiti. Nikatoa shikamoo. Alisita kidogo, halafu akaitikia, "Marahaba, mama Eliya."

"Sikuja kuomba, mzee," nikamwambia. "Ua ni wako, ukitaka kututoa tutoe. Ila ulituingiza kwa mdomo wako, usitutoe kwa mdomo wa mtu mwingine. Lilete gari uani. Mlete na mtu wa kampuni, atuonyeshe alichofungua na alichofunga. Ikiwa ni kweli, tutahama siku hiyo hiyo, sitangoja mwisho wa mwezi, na chapati zangu nitazigawa bure barabarani."

Nikaona mzee kashaweka mkono juu ya kaunta, tayari kuniambia niende nyumbani. Ndipo Jihan akasema, bila kuinua macho kwenye mashine, "Baba, gari bado linagonga."

"Linagonga vipi?"

"Jana nimetoka nalo Ziba. Linagonga vilevile kama mwanzo."

Yule binti ndiye aliyetaka gari lipelekwe kampuni. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Tangu siku ile namheshimu. Mzee akasema Jumamosi mtu wa kampuni anakuja kumsainisha mkataba wa kuhudumia magari yake yote kwa mwaka mzima. Atakuja naye uani kwanza.

Jumamosi saa nne chapati zilikuwa zimekwisha. Mafundi wa mtaa mzima waliacha kazi zao, wa pikipiki wakaja, mwenye mashine ya kukoboa akazima mashine. Mtu wa kampuni aliitwa bwana Raymundi, mtu mzima wa makamo, shati jeupe, beji kifuani, kitambi cha raha. Alisalimia watu vizuri, hilo silikatai. Kisha akaanza kutueleza habari za vifaa halisi na vifaa feki, na ubora, na usalama.

"Mama, vifaa halisi vina gharama yake," akaniambia.

"Najua. Tuvione."

Xavery hakumsikiliza yeyote. Alilipiga jeki gari, akaweka stendi, akalitikisa kuhakikisha limekaa, akatandika gunia, akaingia chini. Alikaa huko muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu. Akatoka. Akafuta tochi kwenye ovaroli, akamnyooshea mzee Humaidi.

"Ingia wewe, mzee."

Watu wakacheka. Mzee ana miaka sitini na minane, na alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Bwana Raymundi akasema haina haja, ataingia yeye aeleze. Xavery akatikisa kichwa.

"Nikikuonyesha mimi, utasema fundi amebandika. Akikuonyesha yeye, atakusomea karatasi. Gari lako. Ingia utazame kwa macho yako."

Sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja, hata siku alipokuja kwetu kuposa. Mzee akamtazama, akamtazama bwana Raymundi. Kisha akavua kofia yake, akampa Jihan, akalala kwenye gunia na kujisukuma chini ya gari. Tukabaki tunaona miguu na makubadhi. Hakuna aliyecheka tena.

Xavery akachutama kando ya gurudumu. "Shokapu ya kulia, boliti ya chini. Unaiona?"

"Naiona. Nyeusi."

"Ikwangue kwa ukucha."

Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya geti, nasali salamu Maria naichanganya, kwa sababu sikujua mume wangu ameona nini huko chini.

"Rangi inatoka," sauti ya mzee ikasema. "Chini yake kuna kitu cha manjano. Laini."

"Endelea."

Sauti iliyotoka mara ya pili haikuwa ile iliyotusomea karatasi.

"Hii ni alama ya Marko."

Mzee Humaidi alinunua asali ya baba mkwe wangu zaidi ya miaka ishirini, madumu kwa madumu, ndani ya ghala lile lile. Alama ile hakuhitaji mtu wa kumsomea. Xavery akamwambia akwangue ya juu, na za kushoto, na za springi. Tukamsikia akijisukuma huku na huku juu ya gunia, akihema. "Ipo," akasema. "Na hapa ipo. Hapa pia ipo." Boliti zote ambazo karatasi ilisema zimefunguliwa, hakuna hata moja iliyoguswa na spana. Nta ya mwezi wa kumi ilikuwa imekaa juu yake vile vile ilivyogongwa.

Bwana Raymundi si mjinga. Akakohoa, akasema, "Lakini mzee, nta inaweza kuwa imepakwa baada ya gari kutoka kwetu."

Xavery akamgeukia, akamuuliza kwa upole ule ule anaoombea spana, "Nta iko juu ya rangi au chini ya rangi?"

Bwana Raymundi akahamishia mkoba wake mkono wa pili.

"Na rangi ni ya nani?" nikamuuliza mimi, kwa sababu nilishindwa kuvumilia.

Uani paliripuka. Mafundi walipiga mabati, mwenye mashine ya kukoboa akakaa chini kwa kicheko. Bwana Raymundi akasema huenda ni makosa ya kumbukumbu, atarudi kuulizia karakanani kwao. Jihan akamwambia arudi na milioni mbili na laki tatu, na huo mkataba wake asihangaike kuutoa kwenye mkoba. Akaenda zake. Sikumzomea, niseme kweli. Niliwaacha wengine wanisaidie.

Mzee akatoka chini ya gari. Kanzu nyuma yote ilikuwa nyeusi kwa oili, kiwiko kimechubuka, ukucha umejaa nta. Jihan alitaka kumpangusa, akamzuia. Akasimama mbele ya Xavery.

"Siku ile ulinisalimia sikuitikia," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Xavery akainama. Nililia pale pale mbele za watu, wala sikujificha. Unaweza kurudishiwa ua, unaweza kurudishiwa kazi, lakini ile salamu ilikuwa inaning'inia pale getini tangu siku ile, na kila asubuhi nikifungua nilikuwa naipita.

Kisha Xavery akaingia tena chini ya gari. Dakika kumi hazikufika. Kumbe kilichokuwa kinagonga ni kile kishikilio cha tairi la akiba, mnyororo umelegea, tairi linapiga bodi kila penye shimo. Akakaza, akapaka nta yake, akagonga alama yake. Mzee akauliza ni kiasi gani.

"Elfu tano."

Mzee akatoa bunda zima. Xavery akachomoa noti moja ya elfu tano, akalirudisha lile bunda. Ningekuwa mimi ningelichukua lote, na shukrani nisingetoa.

"Na ua?" nikauliza.

"Ua ni wenu, mama Eliya."

"Andika."

Xavery akanitazama vibaya. Hata mzee alishtuka. "Tangu lini mimi na ninyi tunaandikiana?"

"Tangu karatasi ilipotaka kututoa," nikamwambia. "Mdomo ulitosha zamani."

Jihan alikuwa ameshatoa kalamu kabla baba yake hajajibu. Aliandikia juu ya meza yangu ya chapati: miaka kumi, kodi ile ile. Mzee akasaini, na kidole chake kikaacha alama ya oili pembeni ya jina lake. Karatasi hiyo ninayo, na anayeniuliza namwonyesha.

Siku ile ile Xavery akaweka sheria, na ndiyo pekee aliyowahi kuiweka maishani mwake. Hakuna mteja anayelipa kabla hajaingia chini ya gari lake akaona kilichofanyika. Awe nani, awe amevaa nini. Wengi wanalalamika. Mwalimu mmoja alisema ana mgongo mbovu, Xavery akamwongezea gunia la pili. Mimi nimewazoesha: kwanza unaingia, ndipo unatoa pochi.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja mkubwa wa ofisi, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Breki zake zilikwisha kufungwa, pesa ameshaishika mkononi. Nikamwonyesha mahali pa kuingilia. Akasema yeye amezoea kampuni, kule mteja anakaribishwa kwenye sofa, analetewa kahawa na gazeti.

"Sisi tuna gunia," nikamwambia.

Akacheka, akidhani ni utani. Akamtazama Xavery, Xavery akamnyooshea tochi. Yule bwana akaangalia gari lake, akaangalia karatasi ya mzee Humaidi yenye alama ya oili, niliyoitia fremu na kuitundika getini. Kisha akavua koti, akanipa mimi nimshikie.